Reli ya Mao, Mpunga wa Kim

Ukipanda treni ya TAZARA Ifakara kuelekea Mlimba, kulia kwako ni milima ya Udzungwa, kushoto ni mbuga ya mto Kilombero. Njiani kuna Mngeta, na Mngeta kuna shamba la mpunga la hekta zipatazo 5,800. Reli ilijengwa na Wachina; shamba lilifunguliwa na Wakorea wa Kaskazini. Sekondari sikuwahi kuulizwa kwa nini.

Reli tumezoea kuisimulia kama kisa cha urafiki: Benki ya Dunia ilikataa, Nyerere akaenda Beijing Februari 1965, China ikakubali. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. China ya wakati ule ilikuwa imekosana na karibu majirani wote wakubwa. Wataalamu wa Kisovieti walikuwa wameondoka 1960. Mwaka 1962 ilipigana na India. Japani ilihifadhi kambi za jeshi la Marekani na kuitambua serikali ya Taiwan, ambayo ndiyo iliyokalia kiti cha China katika Umoja wa Mataifa. Mtu aliyegombana na mtaa mzima hutafuta marafiki wa mbali.

Machi 1969 askari wa China na wa Kisovieti waliuana wakigombea kisiwa kidogo cha mto Ussuri. Mwaka uliofuata, ujenzi wa reli ukazinduliwa rasmi. Hebu fikiria: nchi inayohofia vita na jirani mwenye silaha za nyuklia inatukopesha, sisi na Zambia, yuani milioni 988 bila riba.

Oktoba 25, 1971, reli ikiwa bado inajengwa, Baraza Kuu lilipiga kura 76 dhidi ya 35 na Beijing ikapata kiti. Balozi wetu, Salim Ahmed Salim, alishangilia waziwazi. Miaka kumi baadaye Marekani ilitumia veto kumzuia asiwe Katibu Mkuu. Japani yenyewe haikukawia: Septemba 1972 ilianzisha uhusiano na Beijing.

Mngeta ilitokana na ugomvi mwingine. Korea mbili zilishindana kutambuliwa na nchi za Afrika, na Tanzania ilikuwa na Pyongyang tangu 1965. Mwaka 1986 ukaanza ubia wa KOTACO, wa Tanzania na Korea ya Kaskazini, kulima mpunga bondeni. Kisha dunia ikageuka. Mwaka 1991 Korea zote mbili ziliingia Umoja wa Mataifa. 1992 Tanzania ilifungua uhusiano na Seoul, na China ikafanya vivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wakorea wakaondoka Mngeta.

Hapo ndipo kisa cha urafiki kinaponishinda. Wakulima wadogo waliingia kwenye shamba lililoachwa, wakalima, wakajenga, wakazaa. Mwaka 2008 likaja na mwekezaji mpya, Kilombero Plantations, kwa ubia na RUBADA, na familia nyingi zikahamishwa. Eneo lililodaiwa lilikuwa lile lile la KOTACO. Walioitwa wavamizi walikuwa wamevuna hapo misimu mingi kuliko Wakorea.