Merikani ya Mkopo: Madeni ya Njia ya Tabora

Dada zangu wa Unguja na Pemba.

Hapa Goweko treni inapita, na wengi wanadhani habari zetu zilianza na reli ya Mjerumani iliyofika Tabora mwaka 1912. Kabla ya reli palikuwa na njia ya miguu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikakata pori la Mgunda Mkali, ikatokea Tura, Rubuga na Kigwa, majirani zetu hawa, kisha Tabora. Mimi fundi cherehani, naikumbuka njia ile kila nikishika mkasi, kwa sababu mzigo mkubwa uliokuwa ukija bara ulikuwa kitambaa. Na sehemu kubwa ya kitambaa hicho ilikuwa haijalipwa.

Kitambaa chenyewe kiliitwa merikani. Ni pamba ngumu isiyotiwa rangi, iliyofumwa Massachusetts huko Marekani na kuletwa Unguja na meli za Salem. Kaniki ilitoka India. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na doti ndiyo hiyo hiyo tunayoitaja leo tukinunua khanga.

Mfanyabiashara Mwarabu au Mswahili wa wakati ule mara nyingi hakuwa na fedha mkononi. Alikwenda kwa tajiri wa Kihindi pale Unguja, akachukua nguo, shanga na waya za shaba, hati ikaandikwa kwa reale, akaahidi kulipa kwa pembe za ndovu akirudi. Bei ya mkopo ilikuwa juu kuliko ya taslimu, yaani faida ya mkopeshaji ilifichwa ndani ya bei. Tajiri naye huenda alikuwa amekopa kwa Wamarekani. Na yule wa msafara akifika Tabora aliwakopesha wadogo zake waendelee mbele. Sisi leo tunaita mali kauli, na ukienda Kariakoo utaikuta bado.

Aliyefanikiwa kuliko wote ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip. Baba yake aliishi hapa Tabora. Katika kitabu cha maisha yake anataja madeni yake kwa hesabu ya reale bila kuona haya. Mkopeshaji wake mkubwa alikuwa Taria Topan, yule ambaye fedha zake zilijenga ile Dispensari ya Zamani mnayoipita mkienda bandarini. Tippu Tip alirudi Unguja mwaka 1882 na pembe nyingi sana, akachukua mali nyingine, akarudi bara. Hata yeye, Stanley alipomfungulia kesi baadaye, fedha zake zilizokuwa mikononi mwa wakala wa Taria zilizuiwa. Utajiri wote ule, na funguo zilikuwa mfukoni mwa mwingine.

Tusipambe habari hii. Deni la pembe lililipwa pia kwa watu waliotekwa na kuuzwa, na pembe zenyewe zilibebwa vichwani. Mwaka wa njaa wa 1884 kule pwani kuna familia zilizoweka watoto rehani ili zipate nafaka. Mwenye hati ya deni alikuwa mmoja, na aliyelibeba deni alikuwa mwingine kabisa, ambaye hakukopa hata shanga moja.

Ambao hawakufanikiwa hatuwasikii sana, na ndio ninaowafikiria mimi. Mwaka 1871 vita vya Mirambo viliifunga njia ya Ujiji. Pembe zikakwama, na deni Unguja halikungoja vita viishe. Wako wafanyabiashara waliobaki Tabora miaka na miaka kwa sababu hawakuthubutu kurudi pwani kukutana na wadai wao. Walijenga tembe, wakapanda miembe, wakaoa, wakazikwa hapa. Najiuliza juu ya mke aliyeachwa Unguja akiangalia mlango.

Na nyumba je? Huko kwenu kulikuwa na bei khiyar. Unauza nyumba kwa sharti la kuikomboa ukirudisha fedha ndani ya muda, na huku unaendelea kuishi humo kwa kumlipa kodi mnunuzi. Kwenye karatasi hakuna riba. Nisamehewe nikikosea, lakini kwangu mimi kodi ile ni riba iliyovaa kanzu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya deni: liandikwe, liwe na muda na mashahidi. Aya mbili kabla yake inataka mdaiwa aliyebanwa apewe nafasi. Na tumefundishwa kwamba nafsi ya muumini hubaki imefungwa na deni lake mpaka lilipwe. Ndiyo maana kwenye maziko husikia mtu akisimama kuuliza nani anamdai marehemu.

Nayasema haya kwa sababu niliingia humo. Nilichukua mkopo wa hii tunayoiita kausha damu, ninunue vitambaa vya sare za shule. Nililipa kila siku, mvua jua. Wazazi wakachelewa kulipa, nikakopa pengine kufunika pale. Mwisho nikauza mashine ya ovaloki, nikamaliza, nikabaki na cherehani moja ya miguu. Ilinichukua karibu mwaka kununua nyingine, kwa fedha yangu.

Siku hizi nikienda dukani nauliza bei mbili, ya taslimu na ya mali kauli, nazitoa hapo hapo mbele ya muuzaji. Wiki iliyopita tofauti ilikuwa bei ya suruali mbili kwa jora moja. Nilinunua nusu jora, nikapanda basi.