Chakula cha Mwanagenzi

Kijana wa Bugwema, mkoani Mara, akitaka ufundi magari au uchomeleaji, huliacha bonde lao na kushuka Musoma mjini kutafuta gereji. Mara nyingi huanza kama saidia fundi: anafagia, anashika spana, anatumwa dukani. Posho inategemea moyo wa fundi, na kuna mafundi wanaodai ada kwa mzazi.

Zamani mkoani humo kazi ya kufua chuma ilikuwa na utaratibu wake. Wahunzi waliitwa Waturi, watu wa koo zao wenyewe, waliooana wao kwa wao na kuificha siri ya chuma. Mwanagenzi alikuwa mtoto wa nyumbani. Suala la nani amlishe halikuzuka, maana aliyemfundisha ndiye aliyemzaa. Jembe alilofua lililima, na lilitolewa mahari pia. Majembe mengine yaliletwa kutoka Uzinza, kwa wahunzi wa ng'ambo ya Ziwa Victoria.

Mkoloni alileta mwajiri asiye baba. Katika migodi ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, ufundi ulikuwa mali ya kampuni, na kibarua alilipwa kwa jasho lake, si kwa kujifunza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walifungua shule za ufundi: Ifunda (Iringa), kisha Moshi mwaka 1957. Mwanafunzi alikaa shuleni miaka mitatu, halafu miwili kwa mwajiri. Wajibu wa kufundisha na kulipa sasa uliandikwa, lakini wangapi kutoka ukanda wa ziwa wangefika Ifunda?

Baada ya uhuru, Serikali iliubeba mzigo huo kwa Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi ya 1974, na mwaka 1994 Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ikaundwa. Waajiri wakawekewa tozo ya kuendeleza ujuzi. Mwaka 2021 tozo hiyo iliondolewa kwa wenye wafanyakazi chini ya 10, na mwaka 2023 ikashushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Hapa ndipo mambo yalipokwenda kombo: kampuni hulipa tozo na kujiona imemaliza, wakati anayefundisha vijana wengi ni fundi mwenye kibanda kimoja, asiyeguswa na tozo hiyo wala, mara nyingi, kupewa msaada.

Hata hivyo fundi huyo hayuko nje ya sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu uanagenzi kuanzia miaka 14, na inamtaka fundi afundishe kwa kadiri ya uwezo wake, aweke mahali pa kazi salama, awajibike mwanagenzi akiumia kazini, na ampe chakula isipokuwa wamekubaliana vingine. Mwongozo wa Taifa wa uanagenzi ulifuata mwaka 2017.

Mzazi wa Bugwema, kabla hujamkabidhi mwanao gerejini, andikianeni: muda wa mafunzo, posho, chakula, na nani atalipa hospitali akiumia. Mwenyekiti wa kijiji awe shahidi, na nakala moja ibaki kwako.