Djibril Diop Mambéty: filamu ndefu mbili tu, jina halifutiki

Wadau, leo nawaletea mtengeneza filamu wa Senegal, Djibril Diop Mambéty. Alizaliwa 1945 Colobane, Dakar. Alianza kama mwigizaji wa jukwaani, kundi lake likamtimua. Chuo cha filamu hakusoma, kamera aliishika hivyo hivyo.

Mwaka 1973 akatoa Touki Bouki, yaani safari ya fisi. Kijana na mpenzi wake wanasaka pesa za kwenda Paris, wanazunguka na pikipiki yenye pembe za ng'ombe. Meli inaondoka, binti yumo, jamaa kabaki. Sisi tunaoota majuu tunaelewa!

Halafu kimya. Filamu ndefu ya pili, Hyènes, ilikuja 1992, miaka 19 baadaye. Mwaka 1998 saratani ya mapafu ikamchukua, akiwa na miaka 53.

Lakini 2018 Beyoncé na Jay-Z walitangaza ziara yao kwa picha wakiwa juu ya pikipiki kama ile ile.

Mimi niliyeishia kidato cha nne, nikiambiwa bila chuo huwezi kitu, namkumbuka huyu mzee. Nyie mnasemaje?