Majilio nyumbani: kumngojea Bwana kabla ya Noeli

Majilio ni kipindi cha Jumapili nne zinazotangulia Noeli. Neno la Kilatini lililotumiwa na kanisa la kale, adventus, maana yake ni kuja. Huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, kwa hiyo urefu wake hubadilika: mwaka 2023 Jumapili ya nne ilianguka tarehe 24 Desemba yenyewe, mwaka 2026 ni tarehe 20.

Wako wapendwa wanaosema Majilio ni mambo ya Wakatoliki. Taji la mishumaa lilianzishwa na Mluteri, Johann Hinrich Wichern, mjini Hamburg mwaka 1839, kwa watoto maskini aliowalea. Inasimuliwa kwamba walimchosha kwa kuuliza Noeli itafika lini. Hata hivyo Biblia haituamuru kushika kipindi hiki, na asiyekishika hatumhukumu (Wakolosai 2:16).

Huku Manika tunaona faida yake, maana Desemba kwetu ni mwezi wa mvua na wa madeni. Baba wa mgodini anangojewa kwa nguo mpya, mchele, kuku na ndugu wa kijijini. Anayechimba kwa mikono, bei ikishuka, anakopa. Januari watoto wanarudi shuleni na nyumba haina kitu. Basi juma la kwanza mume na mke wakae, wahesabu makuta yaliyopo, kisha wawaambie watoto wazi. Mtoto aliyejua mapema kwamba mwaka huu hakuna viatu haumii kama yule anayegundua asubuhi ya Noeli.

Ibada yenyewe ni fupi. Baada ya bukari ya jioni washeni mshumaa mmoja, juma la pili miwili, hadi minne. Umeme ukikatika, mshumaa uleule utatumika. Hakuna haja ya taji la dukani. Someni Isaya 40:1-11, Mika 5:2-5, Luka 1:26-56. Mtoto asome, mwingine aombe. Baba akiwa kazi ya usiku, mama aongoze, au mkusanyike asubuhi akirudi. Tunapenda zaidi hivyo kuliko kuiacha mpaka Jumapili.

Msiruke Matayo 25:1-13. Majilio hayatazami Betlehemu tu. Yanatazama pia kurudi kwake Bwana. Na nani aelewe wanawali wale kuliko mama wa hapa kwetu, anayelala sikio moja likisikiliza pikipiki ya mumewe, hasa usiku wa mvua, wakati mashimo yanapobomoka? Mwache aseme mbele ya watoto anavyongoja. Hayo ni mahubiri ambayo sisi wachungaji hatuwezi kuyatoa.

Juma la nne, pelekeni sahani kwa jirani aliyefiwa mwaka huu, hata ikiwa ni bukari na sombe tu. Mtoto asitumwe peke yake. Aende na mkubwa, kwa kuwa mfiwa anahitaji mtu wa kukaa naye kidogo.