KILA, BAADHI NA HAKUNA: Elimu ya Mantiki na Ndimi Zetu

 

Ramadhani tunajifunza kuuzuia mdomo usile na ulimi usiseme ovyo. Kuhusu chakula hatuna shida, adhana ya Magharibi kila mtu anaijua. Kazi iko kwenye ulimi. Nataka basi tuangalie elimu ambayo mashekhe wetu wa zamani waliisoma ili kujua ni neno gani linaweza kusimama kama hukumu na lipi haliwezi. Elimu hiyo ni mantiki.

MANENO TUNAYO TAYARI

Wengi wakisikia mantiki wanadhani ni jambo la chuo kikuu, la Wazungu. Sivyo. Angalia maneno ya Kiswahili chetu: kusadiki, taswira, hukumu, kadhia, maudhui, kiasi, natija. Yote asili yake ni Kiarabu, na yote, yenyewe au ndugu zake wa shina moja, ni istilahi za mantiki.

Wanamantiki walisema elimu ya mtu ni namna mbili. Kwanza ni tasawwur, yaani kukipata kitu akilini bila kukihukumu. Ukisikia neno "matatu" tu, unapata taswira ya gari, basi. Ya pili ni tasdiq. Ukisema "matatu imejaa", hapo umehukumu, na msikilizaji anaweza kukusadiki au kukukadhibisha. Jumla kama hiyo, yenye kuweza kuwa kweli au uongo, ndiyo iitwayo kadhia. Kile kinachosemwa habari zake ni maudhui, na kile kinachosemwa juu yake ni mahmul, yaani kilichobebeshwa. Kwa hivyo kila tunaposema "fulani ni hivi", tunambebesha mtu mzigo. Je, tunao ushahidi wa mzigo huo?

SAFARI YA ELIMU HII

Aliyeipanga kwanza kwa maandishi ni Aristotle wa Ugiriki, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Masihi. Vitabu vyake vikafasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad. Al-Farabi (aliyefariki 950) akavisherehesha, na Ibn Sina (aliyefariki 1037) akaijenga upya elimu hii kwa njia yake mwenyewe. Kisha akaja Imam al-Ghazali (aliyefariki 1111), ambaye aliweka utangulizi wa mantiki mwanzoni mwa kitabu chake cha usuli ya fikihi, al-Mustasfa. Tangu hapo mantiki ikaingia darasani pamoja na fikihi na nahau.

Si wote waliikubali. Ibn as-Salah (aliyefariki 1245) alitoa fatwa ya kuipinga, na Ibn Taymiyya (aliyefariki 1328) aliandika kitabu kizima cha kuwajibu wanamantiki. Hata hivyo vitabu viliendelea kusomwa. Viwili vilienea sana katika vyuo vya Kiislamu: Isaghuji cha al-Abhari, wa karne ya 13, na as-Sullam cha Abdurrahman al-Akhdari wa Algeria, kilichotungwa kwa mashairi mwaka 941 wa Hijria, sawa na 1534.

Vijana, sikieni hili. Al-Akhdari alipotunga Sullam alikuwa na miaka 21! Yeye mwenyewe anautaja umri huo mwishoni, akiomba udhuru kwa makosa yake. Pia hakuficha ikhtilafu. Alizitaja kauli tatu: ya walioiharamisha mantiki, ya walioihimiza, na ile aliyoiona sahihi, kwamba inajuzu kwa mwenye akili timamu aliyekwisha kuijua Kitabu na Sunna.

Kwetu pwani, elimu zilisafiri na majahazi na mahujaji. Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861–1925), mzaliwa wa Ngazija na kadhi wa Unguja, alisafiri mpaka Istanbul, Misri na Makka. Sheikh Abdallah Bakathir (1860–1925), mzaliwa wa Lamu, alisomesha Unguja. Lamu kwenyewe, Habib Saleh alianzisha Riyadha mwishoni mwa karne ya 19. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa alisoma kwa Bin Sumayt na Bakathir, akaanzisha gazeti la al-Islah mwaka 1932, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika halka kama hizo, mwanafunzi aliyeshiba nahau na fikihi ndiye aliyepandishwa kwenye elimu nyingine za ala, mantiki ikiwa mojawapo.

UKUTA WA MANENO

Somo la kadhia lenyewe ni fupi. Neno linaloonyesha kiasi cha maudhui linaitwa sur, maana yake ukuta, kama ukuta unaozunguka mji. Ukuta ndio unaotuonyesha mji unaishia wapi. Kwa kuta hizo tunapata kadhia nne:

1. Kila matatu ni gari. (Inathibitisha kwa wote.)
2. Hakuna matatu iliyo jahazi. (Inakanusha kwa wote.)
3. Baadhi ya magari ni matatu. (Inathibitisha kwa baadhi.)
4. Baadhi ya magari si matatu. (Inakanusha kwa baadhi.)

Juu ya hizo kuna kadhia ya mtu mmoja kwa jina lake, iitwayo shakhsiyya, kama "Ali ni mwanafunzi". Na kuna moja ya hatari, muhmala, yaani iliyoachwa bila ukuta: "Vijana ni wavivu." Vijana gani? Wote? Baadhi? Msemaji hakusema. Wanamantiki wakaamua kwamba kadhia isiyo na ukuta ina nguvu ya "baadhi" tu, manake hicho ndicho kiasi tunachoweza kuwa na yakini nacho. Wewe msikilizaji ukiipokea kama "wote", umeongeza usichopewa.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Tunasema "vyote ving'aavyo si dhahabu". Ukiichukua neno kwa neno, hata dhahabu si dhahabu! Makusudio ni "si kila king'aacho ni dhahabu", yaani kadhia ya nne, si ya pili.

Kuna na kanuni mbili muhimu. Ya kwanza ni ya kugeuza. "Kila matatu ni gari" haigeuki ikawa "kila gari ni matatu". Inageuka kuwa "baadhi ya magari ni matatu" peke yake. Ya pili ni ya kupingana. Kinachovunja "kila" si "hakuna". Inatosha "baadhi si". Mmoja tu akipatikana, ukuta wote umeanguka.

KESI ZETU WENYEWE

Sasa tuyalete haya Kenya. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013 na mashambulio mengine yaliyofuata, Aprili 2014 serikali ilianzisha operesheni ya Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, si mbali na kwetu Mwiki. Tuipime kwa mantiki. "Kila aliyeshambulia alidai ni Mwislamu." Hata tukikubali, natija ni moja: baadhi ya wanaodai Uislamu walishambulia. Lakini mitaani na hata ndani ya matatu sentensi iligeuzwa mzimamzima ikawa "Waislamu ni magaidi". Gari limekuwa matatu! Na mahakamani kesi ya jinai haimalizwi kwa "kila" wala "baadhi". Inataka shakhsiyya: fulani, kwa jina lake, alifanya hiki, na ushahidi ni huu.

Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, wauaji walisimamisha basi, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Tarehe 21 Disemba 2015 walijaribu tena katika basi jingine lililokuwa likielekea Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa. Kina mama waliwapa wenzao Wakristo mavazi ya kujisitiri wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016.

Kwa mwanamantiki, mtu mmoja kama Salah Farah anatosha kuiangusha kadhia ya "kila Mwislamu". Kisa hicho kilitengenezwa filamu mwaka 2017, ikafika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Jina lake? Watu Wote. Hebu tazama: ukuta ule ule uliotumiwa kuwafungia watu nje, hapa unawakusanya ndani.

NA SISI KWA SISI?

Tusiwanyooshee wengine kidole tu. Wapo miongoni mwetu wanaosema "Wakristo ni maadui" bila ukuta wowote, wakasahau jirani aliyewabebea maji siku ya maziko. Na kila Ramadhani mizozo ya bid'a huzuka: idadi ya rakaa za tarawehe, maulidi na kadhalika. Sehemu kubwa ya ugomvi huo ni juu ya neno moja, "kila", katika hadithi mashuhuri kuhusu uzushi. Imam an-Nawawi (aliyefariki 1277) alisema "kila" hapo ni ya jumla iliyohusishwa, makusudio yakiwa ni uzushi ulio mwingi, si wote. Ash-Shatibi (aliyefariki 1388) akashikilia kwamba "kila" ibaki kuwa kila. Ajabu ni kwamba an-Nawawi ndiye al-Akhdari aliyemtaja pamoja na Ibn as-Salah kati ya walioiharamisha mantiki, na bado hapa anapima ukuta wa neno! Pwani yetu mjadala huo umewahusisha watu wa Riyadha na maulidi yao, Sheikh al-Amin, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968. Hao walikuwa wanavyuoni, walibishana kwa dalili. Sisi tunabishana kwa meseji, tena tunarukia kumtoa mtu katika dini.

Simwambii mtu aache msimamo wake. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuhukumu tuulize maswali matatu: Maudhui ni nani hasa? Amebebeshwa nini? Na ukuta uko wapi, ni kila, ni baadhi, au ni fulani mmoja? Maswali haya hayahitaji digrii. Mtoto wa madrasa anayaweza, na mzazi anaweza kuyauliza mezani wakati wa futari, redio ikitangaza habari.