Miguu ilitembea, je, ujumbe ulifika?

Wandugu, kuona mnyama anatembea haitoshi kusema neva zake zimepona. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walipitisha nguvu ya sumaku kichwani mwa mtu, bila kumpasua, na misuli ya mkono ikaruka. Toka pale, njia ya neva kati ya ubongo na kiungo ikaanza kupimika hivyo.

Cambridge, 2012, kipimo kile kilifika kwa mbwa 34 wa majumbani, wenye miguu ya nyuma iliyopooza juu ya kuumia uti wa mgongo. Mbwa 23 walitiwa kwenye kidonda seli zilizotolewa puani mwao wenyewe; 11 walipewa majimaji tu, bila seli. Mimi niliyesoma agronomia najua kazi ya wale 11: ni kile kipande cha shamba tunachoacha bila mbolea, ili tulinganishe.

Wenye seli walianza kupatanisha miguu ya nyuma na ya mbele. Watu wakashangilia. Lakini sumaku kichwani na umeme mguuni havikuonyesha kama njia ndefu ya ubongo imefunguka. Watafiti wakaona neva zimeungana karibu-karibu tu, ndani ya mgongo.

Basi, mtu akikuuzia tumaini la kuponya kupooza, umuulize kwanza: ulipima njia, ao uliangalia miguu tu?