Rasi Ambayo Haikuwa Rasi

Wadau, pale Plettenberg Bay, pwani ya kusini ya Afrika Kusini, kuna njia ya miguu ambayo ukiimaliza utajua kama una magoti au huna. Mahali penyewe panaitwa Robberg, neno la Kiholanzi lenye maana ya mlima wa sili. Ni ulimi wa miamba ulioingia baharini, na njia inauzunguka wote: unakwenda kwa juu mgongoni, unafika nchani, halafu unarudi kwa chini ukirukaruka juu ya mawe, mawimbi yakipiga pembeni. Kilomita 9.2, karibu saa nne. Sili unawasikia na kuwanusa kabla hujawaona.

Nimeizunguka. Ila leo sizungumzii magoti yangu, nazungumzia pango lililo kando ya njia hiyo, upande wa kusini.

Linaitwa Nelson Bay. Binadamu wamelitumia, kwa vipindi, kwa zaidi ya miaka 100,000. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanaakiolojia walilichimba, tabaka kwa tabaka. Tabaka za miaka kama 18,000 iliyopita zilikuwa na mifupa ya wanyama wa mbugani, wakiwemo nyati mkubwa na farasi-pori mkubwa ambao hawapo tena duniani. Makombe ya bahari? Hakuna. Tabaka za juu, kuanzia kama miaka 12,000 iliyopita, zimejaa makombe, samaki na sili.

Kwa nini? Kwa sababu zamani hizo bahari haikuwepo pale. Maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda barafuni, na usawa wa bahari ulikuwa chini kwa kiasi cha mita 120. Ufuko ulikuwa mbali, makumi ya kilomita. Robberg haikuwa rasi bali kilima, na mwenye pango akichungulia nje aliona mbuga. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, mbuga ikazama, na watu wakabadili chakula.

Usidhani ni habari za kwao tu. Katika pango la Kuumbi, kule Jambiani, Unguja, imepatikana mifupa ya pundamilia. Pundamilia hakuja kwa boti, jamani! Alitembea, maana Unguja ilikuwa imeshikana na bara.

Sasa tazama historia tunayofundishwa. Mwaka 1576 Mreno Perestrelo aliiita ghuba ile Bahia Formosa, yaani ghuba nzuri. Mwaka 1630 meli ya Kireno São Gonçalo ilizama humo. Walionusurika, watu kama 100, walikaa miezi minane wakiunda mashua mbili za kuondokea, na nyama waliipata kwa kubadilishana vitu na wenyeji wafugaji. Mwaka 1778 gavana wa Kiholanzi, Joachim van Plettenberg, akasimamisha jiwe kutangaza kuwa pale ni mali ya kampuni yake. Ghuba inaitwa kwa jina lake hadi leo. Wenyeji waliouza nyama hawakuachiwa hata jina la ghuba.

Lakini jiwe lile ndilo linalonisumbua zaidi. Watu wa pangoni bahari ilipowafuata walikuwa na pa kusogea, na walikuwa na maelfu ya miaka ya kuzoea. Leo bahari inapanda tena, safari hii kwa moshi wetu wanadamu, na kasi yake ni ya kuhesabu kwa umri wa mtu mmoja. Kuta za kuizuia zimeshajengwa Dar es Salaam na Pangani. Nyuma ya kuta hizo kila kipande cha ardhi kina jiwe la mpaka, hati na mwenyewe.

Pundamilia wa Kuumbi hakuulizwa hati alipovuka. Mvuvi wa pwani yetu, maji yakimfikia mlangoni, atahamia kiwanja cha nani?